Jino Lisilomaliziwa

Duka la dawa lililo pembeni ya stendi ya mabasi huwa halina saa ya utulivu, lakini jioni watu wanapotoka kazini hujaa hadi mlangoni. Jioni hiyo foleni ilikuwa imejikunja mara mbili, na mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, mkono mmoja kaushikilia shavuni kana kwamba shavu lenyewe lingedondoka.

"Nipe zile kali," alimwambia muuzaji. "Za jana hazikufanya kitu."

"Umemeza ngapi tangu asubuhi, kaka?"

"Tusifike huko."

"Hizo hata ukimeza kopo zima hazitakusaidia," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Jino halisikii vidonge. Linakupumzisha tu ili likurudie vizuri."

Mwanamume aligeuka. Akaona gauni la buluu, viatu vya kisigino kifupi, nywele zilizobanwa kisogoni kwa kibanio kimoja, na macho yaliyokuwa yakiangalia taya lake tu, kama vile sehemu nyingine zote za mwili wake hazikuwapo.

"Wewe ni daktari?"

"Wa meno."

Uso ukamparama. Alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mama mmoja aliyekuwa kando, akamwomba radhi, kisha akautupia macho mlango.

"Samahani, dada yangu. Nimekumbuka nina safari."

"Safari ya wapi na shavu hilo?"

"Popote ambapo wewe hupo. Usinielewe vibaya."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Na ni kwa kicheko hicho, au tuseme kwa namna yule mwanamume alivyosema "usinielewe vibaya" kwa ile sauti nzito ya taratibu, ndipo yule daktari alipomtambua. Sauti ile ilikuwa ikiingia kila alasiri katika saluni, gereji na jikoni za mji mzima. Ndiye mtangazaji wa kipindi cha "Neno la Leo": anachagua neno moja, anaeleza maana yake, halafu wasikilizaji wanapiga simu kutoa mifano ya matumizi. Wasikilizaji walimpa jina la Kamusi, na hata mama yake mzazi alishazoea kumwita hivyo.

"Kumbe ni wewe," alisema daktari. "Watu wanadhani huogopi kitu."

"Sijawahi kusema hivyo hewani."

Alimpa kadi ya kliniki. Kamusi aliipokea kwa ncha za vidole, akaitia mfukoni, akalipia vidonge vyake akaenda zake. Siku ya pili yake maumivu yalimtoa machozi akiwa studio, na mchana akawa amekaa kwenye kiti cha kliniki, jasho linamtoka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Hofu yake haikuwa ya kuchekesha ukiijua ilikotoka. Alipokuwa mdogo, mjomba wake alimng'oa jino kwa koleo la gereji huku binamu zake wawili wamemkalia miguuni. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akimwambia "fungua mdomo" moyo wake unakwenda mbio. Alimsimulia daktari mkasa huo huku akiuangalia ukuta.

"Basi kwangu hakuna atakayekushika miguu," alijibu daktari. "Kila kitu nitakuambia kabla sijakifanya. Ukiinua mkono, naacha."

Aliinua mkono mara nyingi sana. Kila mara daktari aliacha, akasubiri, akamwuliza kama yuko tayari. Dada wa mapokezi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimshikia vifaa, alipiga miayo mpaka akachoka kuificha. Mwishowe jino likafunguliwa, likasafishwa, na tundu likazibwa.

"Sikiliza vizuri," daktari alisema akivua glavu. "Hii niliyokuwekea ni dawa ya muda. Kazi yenyewe bado. Wiki mbili kutoka leo urudi nimalizie mzizi, halafu niweke ya kudumu. Maumivu yatapotea kabisa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya."

Kamusi alikuwa bado ana ganzi, mdomo umelegea upande mmoja, lakini kazi yake haikumwacha.

"Ya muda, maana yake nini hasa?"

"Maana yake haitakaa."

"Hiyo ni sifa yake. Nimekuuliza maana."

Daktari akafikiri kidogo, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Maana yake, rudi."

Jioni simu ya daktari ikaita.

"Koleo," ilisema ile sauti.

"Nani Koleo?"

"Wewe. Nimetafuta jina la kukupa nimeona hilo ndilo linalonitisha zaidi. Ganzi imeisha, na sasa ninaweza kukuambia jambo nililoshindwa kusema nikiwa nimeachama kama mamba."

"Jambo gani?"

"Kwamba una mikono mizuri."

"Umepiga simu kunisifia mikono?"

"Nimeanza na mikono. Nina kesho na keshokutwa."

Kesho alipiga, na keshokutwa akapiga. Wakanywa chai pamoja mara ya kwanza kwenye mgahawa ulio chini ya kliniki, yeye Kamusi akitafuna upande mmoja tu. Mara ya pili Koleo alivaa gauni la manjano ambalo dada wa mapokezi alimlazimisha kulivaa, na Kamusi alipomwona akasahau sentensi aliyokuwa akiisema, jambo ambalo kwa mtangazaji ni aibu kubwa. Wakapendana. Sina namna nyingine ya kulisema. Walipendana kwa simu za mchana na ujumbe wa asubuhi, na kila simu ilimalizikia pale pale.

"Na jino?"

"Wiki ijayo, mpenzi."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita. Kama unanionea haya, nenda kwa mwenzangu wa chumba cha pili."

"Huu mdomo una mtu mmoja tu wa kuufungua."

"Sicheki, Kamusi. Ile ni dawa ya muda."

"Najua. Nigombeze tena kesho."

Koleo alidhani ni woga ule ule wa koleo la mjomba. Akamwonea huruma, akawa anamgombeza kwa sauti laini, na wiki zikapita hivyo. Hapo alikosea, na daktari mzima hakutakiwa kukosea. Lakini mapenzi yanapoanza mtu hapendi kuwa mkali.

Yeye mwenyewe alikuwa na hofu yake, na ilikuwa kubwa kuliko ya Kamusi kwa sababu alikuwa haisemi. Chumba alichopanga kilikuwa na maboksi yaliyopangwa ukutani, hayajafunguliwa tangu ahamie. Godoro lilikuwa chini. Dirishani palitundikwa kanga iliyokuwa imebanwa kwa vibanio vya nguo, na taa ilikuwa balbu tupu inayoning'inia kwenye waya. Ukimwuliza, alijibu, "Hapa ni pa muda." Kazi ya kliniki alisema ni ya muda. Hata ua lililokuwa kwenye kopo juu ya kaunta ya mapokezi aliliita ua la muda, na dada wa mapokezi akamwambia kwamba hata wafalme na malkia hufa, kwa hiyo aliache ua la watu.

Hakuwahi kumwambia mtu ni nani aliyemfundisha neno hilo. Alikuwa na mchumba zamani. Mahari ilishazungumzwa, na yule mchumba akapata kazi mbali, akamshika mikono pale stendi akamwambia, "Ni kwa muda tu." Miezi michache baadaye namba yake ikawa haipatikani. Haikupatikana tena. Tangu hapo Koleo aliamua kwamba neno hilo hataambiwa tena na mtu, atalitangulia yeye.

Jumamosi moja Kamusi alifika na furushi kwapani: pazia la kijani kibichi, fimbo ya kulitundikia, misumari na nyundo. Alikuwa amevaa fulana iliyofubaa na kofia ya fundi aliyoazima kwa jirani yake, na alijiona fundi kweli kweli.

"Leo tunaizika kanga hii," alisema. "Nionyeshe nipigilie wapi."

"Usipigilie."

"Kwa nini? Mwenye nyumba atanikamata?"

"Nyumba yenyewe ya muda, Kamusi. Nitaharibu ukuta wa watu bure."

Kamusi akashusha nyundo. Aliangalia maboksi, akaangalia godoro, akaangalia ile balbu. Utani ukamtoka usoni taratibu.

"Nyumba ya muda, kitanda cha muda, kazi ya muda," alisema. "Na mimi?"

Koleo alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kusema kwamba kila simu ikichelewa kuita yeye hukauka koo, kwamba usingizini humwona Kamusi akipanda basi. Lakini alipofungua mdomo likatoka lile neno alilolizoea.

"Na wewe. Sote ni wa muda."

Kamusi aliiweka nyundo juu ya boksi, akaiweka misumari pembeni yake, na pazia akalikunja vizuri akaliacha hapo hapo.

"Asante kwa kunifafanulia," alisema, akatoka.

Hakuna aliyempigia mwenzake. Kamusi aliishika simu akaiweka, akaishika akaiweka. Koleo naye aliandika ujumbe, "Na jino?", akaufuta, kwa sababu aliona haya kumtafuta mtu kwa kisingizio cha jino. Laiti angeutuma.

Ukapita muda. Alasiri moja ya joto, Koleo alikuwa amemchoma mgonjwa sindano ya ganzi na kutoka mapokezi kusubiri imkolee. Redio ya mapokezi ilikuwa imewashwa kama kawaida. Kipindi kikaanza.

"Neno letu leo," alisema Kamusi, "ni dogo, nanyi nyote mnalijua. Ni muda. Lakini nalitaka pale linapofuatia kitu. Nyumba ya muda. Kazi ya muda. Maana yake, kitu ambacho tangu mwanzo hakikukusudiwa kukaa."

Dada wa mapokezi akainua macho. "Mwenzangu, shemeji anakusema wewe."

Koleo alihisi uso unamuwaka. Alikuwa karibu kuizima redio, mkono ulishafika kwenye kitufe, na hapo ndipo sikio lake la kazi liliposikia kile ambacho sikio la mpenzi halikusikia.

"Matumizi yake," aliendelea Kamusi, akanyamaza, kisha akaendelea, "ni mengi mno."

Zile herufi hazikugonga. Kila "t" na kila "d" ilikuwa imelegea, kama ulimi hauna mahali pa kugusa. Na katikati ya maneno palikuwa na kimya kifupi, halafu mlio mdogo wa mate.

"Leo ana mafua," alisema dada wa mapokezi.

"Si mafua."

"Basi matezi."

"Ulimi wake umeinuka," Koleo alisema, akauondoa mkono kwenye kitufe. "Umesukumwa juu. Lile jino. Dawa yangu imeachia, uchafu umeteremka chini ya ulimi. Ukifika shingoni utamziba njia ya hewa."

"Inachukua siku ngapi?"

"Inaweza kuchukua jioni hii."

Alipiga simu ya Kamusi. Imezimwa, studio hawaruhusu simu kuwaka. Akapiga namba ya wasikilizaji. Ina shughuli. Akapiga tena. Ina shughuli. Redioni muuza mitumba mmoja alikuwa akitoa mfano wake mrefu kuhusu kibanda cha muda, anacheka, anasalimia shangazi zake mmoja mmoja. Koleo alibonyeza, akakata, akabonyeza, vidole vinateleza kwa jasho. Aliwahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo alipokuwa mwanafunzi. Yule aliingia akitembea mwenyewe, akatolewa amefunikwa shuka.

Simu ikapokewa.

"Neno la Leo, habari yako," alisema mtayarishaji wa kipindi. "Una mfano?"

"Nahitaji kuongea na Kamusi sasa hivi. Ni la afya yake."

"Dada yangu, kila mwanamke mji huu anahitaji kuongea na Kamusi. Una mfano au huna?"

Koleo akafumba macho.

"Ninao."

"Punguza redio yako. Unafuata."

Akasikia mlio, kisha pumzi ya Kamusi karibu kabisa na sikio. Ilikuwa inakwaruza.

"Tuna msikilizaji mwingine. Karibu. Tupe mfano wako."

"Dawa ya muda," alisema Koleo.

Kimya kikaingia hewani. Redio ni kitu kisichopenda kimya, na mji mzima uligeuka kuangalia redio zake.

"Mfano huo tunaufahamu," alisema Kamusi hatimaye.

"Toa ulimi nje."

"Dada, tupo hewani."

"Najua mlipo. Toa ulimi."

Ikasikika pumzi ikisukumwa.

"Hautoki," alisema Kamusi, na sasa sauti yake haikuwa ya mtangazaji tena.

"Meza mate."

"Nimeshindwa tangu asubuhi. Natema kwenye kikombe."

"Bonyeza chini ya kidevu. Pakoje?"

"Pagumu. Kama ubao. Koleo, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nisikilize hivyo hivyo. Unatoka hapo sasa hivi, mtayarishaji wako anakupeleka hospitali kubwa. Usipite nyumbani. Kaa wima njia nzima, usilale, usinywe kitu. Waambie mlangoni kwamba ni jino na kwamba huwezi kumeza. Nakukuta huko. Umenisikia, mpenzi wangu?"

"Umeniita nani?"

"Nenda, Kamusi."

Wimbo ukawekwa, na haukuwa hata umepangwa kwa siku hiyo.

Koleo alimkabidhi mgonjwa wake kwa daktari wa chumba cha pili, akatoka na koti jeupe mwilini na viatu vya kliniki miguuni. Ndani ya teksi dereva alikuwa akisikiliza kituo kile kile. Alimtazama kwenye kioo, akatazama koti, akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Alipofika, Kamusi alishapitishwa milango miwili ambayo yeye hakuruhusiwa kuivuka. Mtayarishaji alikuwa amesimama ukutani, shati lina madoa ya mate na damu.

"Mlangoni hapo ndipo alipoanza kukoroma akiwa macho," alisema. "Wamemkimbiza. Dada, nisamehe kwa yale ya simu."

Koleo aliitikia kwa kichwa tu. Alijua kinachofanyika nyuma ya ile milango, kila hatua, na kujua kwake hakukumsaidia chochote. Mtu asiyejua huwa anangoja tu. Yeye alikuwa anaona.

Baadaye akaja mama wa Kamusi, mwanamke mfupi aliyevaa kandambili moja nyekundu na nyingine ya kijani. Akaketi kwenye benchi, akamtazama Koleo kuanzia viatu hadi nywele.

"Ndiye wewe uliyemtoa hewani?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jino linaua, mwanangu?"

"Likiachwa, mama."

"Basi ndilo lililoachwa." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilimwambia, nenda ukamalizie. Nikamwambia kila siku. Unajua alinijibu nini? 'Mama, yule siku akimaliza jino hili atakuwa amemaliza na mimi. Kwake kila kitu kina mwisho. Ngoja libaki bado kidogo, ili awe na la kuniitia.' Nikadhani ni utani wake."

Koleo aliinama akaushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kumbe haikuwa koleo la mjomba. Wiki zote zile za "nigombeze tena kesho", mwenzake alikuwa akiliweka jino bovu mdomoni kama mtu anayeacha koti lake kwa jirani ili apate sababu ya kurudi. Naye alikuwa akimgombeza kwa sauti laini kwenye simu.

"Mama, kosa ni langu," alisema.

"Makosa tutagawana akishaamka. Sasa hivi nishike mkono, maana miguu yangu haipo."

Wakashikana mikono. Walishikana hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa na daktari mpasuaji akatoka akiwa amevua kofia. Walimwahi, alisema, lakini kwa chupuchupu. Hewa ilikuwa haipiti tena kooni, ikabidi watoboe shingoni wamwekee bomba la kupumulia. Usaha umetolewa na jino limeng'olewa. Usiku huu ndio wa kuuangalia.

Usiku ulipita, na hakuna kati ya wanawake wale wawili aliyeweza baadaye kueleza ulivyopita.

Kesho yake mchana wakaruhusiwa kuingia. Kamusi alikuwa macho. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji, na katikati ya bandeji lilitokeza bomba jeupe ambalo kila alipovuta pumzi lilipiga mluzi mdogo. Alipomwona Koleo akafungua mdomo kusema. Hakikutoka kitu, hata mnong'ono. Akajaribu tena, mishipa ikamtoka kwenye paji la uso, na Koleo akaona macho yake yakijaa hofu ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye kiti cha kliniki. Mtu huyu alipata riziki kwa sauti, alipendwa kwa sauti, na sasa alikuwa akiitafuta haipo.

"Usisukume," alisema Koleo. "Mama, naomba simu yako."

Wakampa. Kamusi akaandika kwa kidole, akaigeuza simu ili Koleo asome.

"Hili bomba ni la muda?"

Koleo alisoma, akasoma tena. Miaka yote alilitumia neno lile kama kitasa, na sasa mtu amelala mbele yake analisubiri kama maji ya kunywa.

"La muda," alisema. Sauti ikamkatika, akairudia. "Ni la muda, Kamusi. La muda kabisa. Uvimbe ukishuka watalitoa, tundu litajifunga lenyewe, na sauti itarudi. Mwanzoni itakuwa ya kukwaruza, usishtuke. Halafu itarudi."

Kamusi akafumba macho, na machozi yakamteremkia masikioni. Mama yake akayafuta, akasema anakwenda kutafuta chai, ingawa chai ilikuwa kwenye chupa aliyoibeba mkononi.

Walipobaki wawili Kamusi akaandika tena.

"Na wewe?"

Kiti kilikuwa karibu, Koleo akakaa. Akamweleza habari za stendi, za yule aliyemshika mikono, za namba isiyopatikana. Aliieleza yote, bila kupamba, huku akiliangalia lile bomba. Kisha akasema, "Nilikuambia vile kwa sababu nilikuwa naogopa. Hata sasa naogopa, tena zaidi, maana jana nimeona unavyoweza kuondoka. Siwezi kukuahidi kwamba hofu itaisha. Ila nikitoka humu nitarudi. Na kesho nikitoka nitarudi. Huna haja ya kuoza jino ili nikuite."

Kidole cha Kamusi kikaenda polepole kwenye simu.

"Hiyo ndiyo maana uliyonipa siku ya kwanza."

Koleo akacheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi wa zamu akachungulia kuona kuna nini.

Ilipokuja siku ya bomba kutolewa, Koleo hakuwepo. Mama ndiye aliyekuwa na zamu ya kukaa naye, kwa sababu walikuwa wamegawana siku. Koleo alikuwa chumbani kwake, jua la alasiri limemwingilia hadi kwenye godoro, amesimama juu ya boksi moja la mbao ambalo alishalifungua na kumwaga vitu vyake. Alikuwa na nyundo mkononi na misumari mitatu kati ya midomo. Hakuwa fundi. Msumari wa kwanza aliupinda, wa pili ukaruka ukapotelea chini ya sahani, na plasta ya ukuta ilikuwa imemnyeshea nywele. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya mama; akaitema misumari kiganjani, akapokea.

"Shikamoo, mama."

Alichosikia kwanza ni pumzi. Halafu ikaja sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Koleo."

Akateremka kwenye boksi akakaa sakafuni, jirani bado akigonga ukuta.

"Usiongee sana," alisema, na yeye ndiye aliyekuwa hawezi kuongea.

"Nimesikia makelele. Unafanya nini?"

"Napigilia msumari."

"Wa pazia?"

"Wa pazia. Nimeharibu ukuta wa watu."

"Unaogopa?"

Koleo aliangalia lile tundu ukutani, na pazia la kijani lililokunjwa juu ya godoro.

"Sana," alisema.

"Haya," ilisema ile sauti. "Piga. Nipo nasikiliza."

Akaiweka simu chini, karibu, akapanda juu ya boksi, akapiga.